Mlango Mkuu Unatazama Wapi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imetunyeshea leo saa tisa alasiri, tukiwa uwanjani pa shule tukisikiliza habari za mpaka. Hakuna aliyeondoka. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya kazi, lakini naona na haya niyaandike humuhumu.

Jimbo letu limegawanywa mawili. Majina rasmi ni marefu, watu wameshayafupisha: Juu na Chini. Mpaka unafuata mtaro unaopita nyuma ya mtaa wetu. Nyumba zetu thelathini na moja zote zimeipa barabara uso, yaani Chini, na mgongo zimeupa mtaro, yaani Juu. Kwa kuwa viwanja vyetu vinagusa pande zote mbili, tume imetuachia tuchague. Karani wa tume, mtu mwembamba mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, alisoma kanuni mara mbili ili asije akaambiwa hakusoma: nyumba ni ya jimbo linalotazamwa na mlango wake mkuu. Mwenye nyumba ataweka dole gumba, nyumba itapigwa namba. Mwisho ni tarehe 30 Aprili. Aliyeandikwa hahami kwa miaka miwili. Mume na mke huandikwa nyumba moja.

Jirani yetu wa kushoto, fundi cherehani, alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, yangu ina milango miwili. Mlango mkuu ni upi?"

"Ule anaoingilia mgeni."

"Mgeni wangu mimi ni mbuzi wa huyu bwana hapa, naye huingia popote."

Watu walicheka, hata karani. Mimi nilicheka nusu. Mke wangu ni mwalimu wa shule hiyohiyo ambayo tulikuwa tumesimama uwanjani pake, na shule iko Chini. Mama yangu figo zake zimechoka, husafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, na hospitali iko Juu. Watoto hatukujaliwa. Nyumba ni ya Mama, na tunaikaa sisi watatu.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali na Mama. Kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kurudi saa nane mchana. Mashine ni sita, kila moja na kiti chake cha kuegemea. Mama ana kiti cha pili, kile cha dirishani, mwaka wa pili sasa. Nesi mkuu humwita Mwenye Kiti, na Mama huitikia kwa kuinua mkono kama anafungua kikao.

Ijumaa, 7 Machi

Hospitali. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata kazi ya kwanza ya mpaka. Mimi ni mwashi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaajiriwa kugeuza nyumba bila kuihamisha. Fundi cherehani anataka Juu kwa sababu wateja wake wengi wako huko. Kazi yenyewe nimeipanga hivi: kwanza natoboa ukuta wa nyuma kwa juu na kuingiza linta, yaani boriti ya zege ya kubeba ukuta wa juu, naiacha ishike siku saba; ndipo nabomoa chini yake, seremala anaweka fremu; mwisho naziba mlango wa zamani kwa tofali na kupiga lipu. Mtu asizibe mlango wa zamani kabla mpya haujafunguka. Linaonekana jambo la wazi, lakini mke wa fundi cherehani alikuwa anataka nianze kwa kuziba, ili karani akipita asije akawaandika Chini.

"Na ninyi mtalala wapi, shemeji?" nikamwuliza.

"Humohumo ndani."

"Mtaingilia wapi?"

Akafikiri. "Kwani mbuzi huwa anaingilia wapi?"

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu amerudi na barua kutoka kwa afisa elimu. Hakuitaja. Aliiweka chini ya kawa la chakula, mahali ambapo lazima niinue. Kuanzia tarehe 1 Mei, mwalimu wa jimbo la Chini sharti awe mkazi wa Chini. Asiye mkazi atahesabiwa ameacha kazi mwenyewe. Amefundisha miaka kumi na minne, na mwaka huu ana darasa la mtihani.

Niliisoma, nikairudisha nilipoikuta, nikala. Yeye alikuwa anapiga pasi.

Ijumaa, 14 Machi

Hospitali. Kuna tangazo jipya mlangoni pa chumba cha mashine. Kuanzia 1 Mei viti ni vya wakazi wa jimbo la Juu. Mgonjwa wa jimbo jingine atakaa kwenye benchi la nje, na ataitwa endapo mwenye kiti hatafika.

Mama hakusoma. Akaniuliza, "Limeandikwa nini hilo?"

Nikasema, "Habari za kunawa mikono."

"Vizuri," akasema. "Watu hawanawi."

Jumanne, 18 Machi

Hospitali.

Jumamosi, 22 Machi

Mlango wa sita. Mvua haitoi nafasi, lipu ya jana imeteremka yote usiku, asubuhi nimeikuta chini kama uji uliomwagika. Seremala ninayefanya naye kazi tunamwita Bado Kidogo, kwa sababu ya jibu lake kwa kila swali. Leo amesimama katikati ya mtaro, akatazama mgongo wa mtaa ulivyojaa matundu, akasema, "Mwashi, huu mtaa umegeuka kama mtu aliyevaa shati kinyumenyume. Ukikutana naye hujui umsalimie mbele au nyuma."

Nyumba zilizochagua Juu zimefika kumi na moja. Nimeziorodhesha ukurasa wa mwisho. Yetu haimo kwenye orodha yoyote.

Jumapili, 30 Machi

Siku ya kuandika kwa kirefu, ingawa sipendi.

Baada ya chakula cha mchana Mama aliingia chumbani kwake kupumzika. Mke wangu akakaa mbele yangu, akafunika kalamu yake nyekundu, nikajua. Akifunika kalamu huwa hana haraka ya kurudi kwenye madaftari.

"Fundi," akasema. Ndivyo anavyoniita, nami humwita Mwalimu. Tulianza kwa utani tulipokuwa wachumba. "Umewahamishia watu wangapi milango?"

"Minane imekamilika. Mitatu bado linta."

"Na wa kwako lini?"

"Saruji haikauki na mvua hii."

"Sikukuuliza saruji."

Akaendelea, bila kupandisha sauti, kama anavyomfundisha mtoto mzito wa hesabu. "Barua uliisoma, kawa lilikuwa limekaa upande. Tangazo la hospitali nimeambiwa na mwalimu mwenzangu, wewe hukuniambia. Kwa hiyo mimi najua na wewe unajua. Sasa niambie tu. Ukisema Juu, najua la kufanya. Ukisema Chini, najua la kufanya."

"Tutaona," nikasema.

"Tutaona si upande."

"Unataka nimchague nani, mama yangu au mke wangu? Ndicho unachoniuliza?"

"Nakuuliza mlango."

Mama alikohoa chumbani. Ukuta ule niliujenga mwenyewe, tofali la kulalia upande, nilipokuwa kijana wa kubana vifaa. Unapitisha hata mtu akigeuka kitandani. Mke wangu akafunua kalamu, akarudi kwenye madaftari.

Naandika ninachofikiri, maana hapa hakuna wa kunijibu. Nafikiri anataka Chini na anataka niseme mimi, ili lawama iwe yangu. Miaka kumi na minne si michache. Lakini ni kazi, na kile ni kiti cha uhai. Sikujua kwamba ana moyo mgumu hivi.

Jumanne, 1 Aprili

Hospitali. Mama kimya njia nzima. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema, "Nasikiliza mvua."

Jumapili, 6 Aprili

Nimeamua. Juu. Nimepima ukuta wa nyuma, sebuleni, nimechora kwa mkaa: upana sentimeta tisini, urefu mita mbili na kumi. Nimemwagiza Bado Kidogo fremu. Nitaufanya wetu wa mwisho, baada ya wateja. Kinyozi hajinyoi, lakini siku zipo.

Sijamwambia Mwalimu. Nitamwambia wiki hii, nikimkuta ametulia.

Ijumaa, 11 Aprili

Hospitali. Mvua kubwa, njia ya chini imefungwa, tulizunguka.

Jumapili, 13 Aprili

Anasahihisha mtihani wa majaribio. Nitamwambia kesho.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikumwambia.

Jumanne, 15 Aprili

Hospitali. Sikumwambia.

Jumamosi, 19 Aprili

Mlango wa kumi na tano. Mwenye nyumba alilia nilipoweka tofali la mwisho kwenye mlango wa zamani. Mumewe, marehemu, alitolewa kwa mlango ule. Nikamwambia nimwachie dirisha dogo, akasema hapana, funga tu. Linta yetu bado. Leo ilikuwa niiweke, lakini huyu alilia, nikakaa naye hadi jua likazama.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimerudi saa kumi na mbili jioni na matope hadi magotini. Kwenye mlango wetu, ule wa barabarani, wa siku zote, kuna namba ya rangi ya bluu, bado mbichi: C 17. C ni Chini, 17 ni namba ya nyumba yetu mtaani.

Sikuvua hata viatu. Mke wangu alikuwa jikoni. Nikamwambia, "Umefanikiwa."

"Nimefanikiwa nini?"

"Umemwekesha mama yangu dole. Umengoja niondoke, ukamwita karani. Mwanamke mzima, msomi, unamshika mkono mgonjwa asiyejua kusoma unamwekesha dole kwenye kifo chake."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema mengine.

Akashusha sufuria. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Tangu saa moja asubuhi nilikuwa shuleni," akasema. "Nimeingia sasa hivi, namba nimeikuta kama ulivyoikuta. Kamwulize mkuu wa shule. Ukitoka huko, usije kwangu. Nenda kwanza kwa mama yako."

Sikwenda kwa mkuu wa shule. Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu juu ya stuli, anafunga na kufungua kilemba. Dole lake gumba lilikuwa na wino.

"Mlaumu mwenye dole," akasema kabla sijafungua mdomo. "Karani alikuwa anapita kwa waliokamilisha. Nikamwita mwenyewe, kwa sauti, mpaka mke wa fundi cherehani akatoka nje. Akauliza, mlango mkuu ni upi, mama? Nikamwonyesha. Akauliza, na ile michoro ya mkaa? Nikamwambia mwanangu anapenda kuchora."

"Mama, hukujua unafanya nini."

"Kunawa mikono, eh?" Akanitazama. "Siku ileile nilimwambia nesi anisomee. Unafikiri mtu akikaa mbele ya karatasi mara mbili kwa wiki hatataka kujua inasema nini? Nilijua tangu Machi. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Na ule ukuta wako," akasema, "hauzuii kitu. Nilisikia anakuuliza. Alikuuliza vizuri, baba, na wewe ukamjibu tutaona. Tangu utoto wewe ni hivyo. Nilikuwa nakuwekea sahani mbili uchague, unakaa unazitazama hadi zinapoa zote mbili. Basi nikaona, safari hii nichague mimi, kabla hakijapoa."

"Na kiti chako?"

"Watu hawakosi kukosa. Siku mmoja wao asipofika nitaitwa mimi." Akatabasamu. "Huyu binti ana darasa la mtihani. Nami darasa langu nimeshamaliza."

Ijumaa, 25 Aprili

Hospitali. Kabla hatujatoka nilimkuta mke wangu amevaa, amebeba chupa ya chai. "Leo nakwenda naye mimi," akasema. "Nimebadilishana vipindi." Mama akamshika bega, wakatoka. Nilibaki nyumbani. Nikachukua brashi na maji, nikasugua mkaa ukutani. Hautoki wote.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda ofisi ya tume. Karani ni mtu mstaarabu, alinipa kiti. Akafungua daftari kubwa, akanionyesha dole la Mama. Nikamwambia mwenye dole ni mgonjwa. Akasema ugonjwa haumo kwenye kanuni. Nikasema basi nimpangie chumba upande wa Juu, aandikwe huko. Akasema aliyeandikwa hahami kwa miaka miwili, "na wewe mwenyewe ulikuwepo uwanjani, nilisoma mara mbili."

Nikarudi, nikamwomba mke wangu msamaha. Alikuwa anaanua nguo, mvua inakuja. Alinisikiliza mpaka mwisho, nguo zikiwa begani. Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha, akanipa. Ndani kulikuwa na barua kwa afisa elimu, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: *Naomba kuacha kazi kwa sababu za kifamilia.* Sahihi ipo. Pa tarehe pameachwa wazi.

"Niliiandika Machi," akasema. "Ilikuwa inangoja neno lako moja, Fundi. Lolote. Ungesema Juu ningeijaza siku hiyohiyo. Ungesema Chini ningeichana, nikakuchukia kwa ajili ya Mama, kisha ningekuja kukusamehe. Hukusema. Mkaa ukutani niliuona, lakini mkaa si neno."

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Niliamua tarehe 6. Imeandikwa hapa, kurasa chache nyuma. Nilitaka kumletea daftari nimwonyeshe. Nikaona aibu. Mtu aliyeamua ndani ya daftari ana tofauti gani na asiyeamua?

Alhamisi, 1 Mei

Mpaka umeanza. Kizuizi ni ubao mmoja uliopakwa rangi na askari mmoja aliyelowa.

Ijumaa, 2 Mei

Hospitali. Mke wangu na mimi, wote wawili, tumekwenda naye. Benchi la nje lina watu watano. Kiti cha pili amekaa mwanamke mnene wa makamo, anasuka ukili. Alipomwona Mama dirishani alijua kiti kilikuwa cha nani, akainamisha uso. Wote sita wamefika. Mama hakuitwa. Tumerudi saa tisa.

Jumanne, 6 Mei

Hospitali. Hakupata.

Ijumaa, 9 Mei

Hospitali. Amepata, saa tano. Mzee wa kiti cha sita hakuja, gari lake limekwama kwenye tope. Mama akitoka alisema, "Mungu ailaze ile gari mahali pema." Tulicheka njia nzima, sisi watatu. Siku nyingi hatujacheka.

Jumanne, 13 Mei

Hospitali. Hakupata.

Ijumaa, 16 Mei

Hakupata. Miguu imevimba, viatu haviingii. Mke wangu ameshona ndara kwa kitambaa na mpira wa gurudumu. Amemwomba mkuu wa shule amsogezee vipindi vyake vya Jumanne na Ijumaa kwenye siku nyingine. Wanafunzi wake wa mtihani wanabaki naye jioni hadi giza. Anakonda. Mimi nilimwandika humu kwamba ana moyo mgumu. Nimeusoma tena ukurasa ule. Sikuufuta, nimeuacha unitazame.

Jumanne, 20 Mei

Amepata, saa saba.

Ijumaa, 23 Mei

Hakupata. Nesi mkuu alitoka nje, akamsalimia: "Shikamoo, Mwenye Kiti." Mama akainua mkono. Nesi akarudi ndani haraka.

Ijumaa, 30 Mei

Jumanne hakupata. Leo tulikuwa wa kwanza kufika, kabla ya mlango kufunguliwa. Mvua ilikuwa inakatika, matone tu. Wagonjwa wa Juu wakaanza kuingia mmoja mmoja, na sisi wa benchini tunawahesabu. Hakuna anayesema kwamba anahesabu. Wa kwanza. Wa pili, yule mama wa ukili. Wa tatu. Wa tano. Wa sita. Bibi wa kiti cha nne bado. Saa mbili bado. Saa tatu bado. Mama alikuwa wa kwanza benchini. Nilianza kutazama saa, nikajiona nafurahi.

Saa tatu na robo bibi wa kiti cha nne akafika, amebebwa mgongoni na mwanawe. Anahema. Akatuambia sote wa benchini, "Habari za asubuhi, wanangu, poleni kwa kungoja."

Mama akamjibu vizuri. Kisha akasema, "Twendeni nyumbani."

Mke wangu akasema, "Mama, tungoje. Pengine mmoja atatoka mapema."

"Twende, binti."

Tulipofika, Mama akakaa sebuleni, akatuita mbele yake kama watoto.

"Leo nimeomba," akasema. "Nimekaa pale nimefumba macho nikaomba yule bibi asije. Sikuomba apone, sikuomba apate usingizi. Niliomba asije. Na mtu kama yule haji kwa sababu moja tu. Halafu akaja, akaniamkia." Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Sabini na mbili nimefika, sijawahi kumwombea mtu mabaya, hata aliyeniibia. Siendi tena."

"Mama," nikasema, "nitakubeba mwenyewe."

"Utanibeba unipeleke kukaa pale nikiombea watu wafe? Hapana, baba."

Nilimtazama mke wangu anisaidie. Alikuwa anamtazama Mama, machozi yanamtoka bila sauti. Akapiga magoti, akaanza kumvua ndara zile, taratibu, moja baada ya nyingine.

Jumanne, 3 Juni

Hatukwenda. Jua limetoka. Mama amekaa kibarazani, anawasalimia wapita njia wa Chini wote, na wa Juu wanaokata njia.

Ijumaa, 6 Juni

Analala sana. Mke wangu amehamisha godoro lake chumbani kwa Mama. Wanaongea. Ukuta unapitisha, lakini nimetoka nje nisisikilize. Ni mazungumzo yao.

Jumapili, 8 Juni

Ameniuliza, "Watoto wa darasa la mtihani wamebakisha miezi mingapi?" Nikasema mitano. Akasema, "Mitano si mingi."

Jumatatu, 9 Juni

Mama amefariki leo saa nne asubuhi. Mke wangu alikuwa amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Hakukuwa na mvua.

Jumatano, 11 Juni

Tumezika. Fundi cherehani alishona sanda, na hakutania hata neno moja. Bado Kidogo alileta mbao kabla ya kuagizwa. Nesi mkuu alivuka mpaka na sare yake, akasimama nyuma kabisa. Nilimwona anainua mkono kidogo wakati wanamshusha.

Jumapili, 15 Juni

Sina la kuandika.

Jumapili, 22 Juni

Mvua zimekwisha. Karani wa tume amekuja leo alasiri, bila mwavuli, ameshika faili. Tulimkaribisha, akatupa pole, akakaa. Akazungukazunguka na maneno, kisha akasema, "Samahanini, ni kazi. Mwenye nyumba akifariki, warithi wanapewa siku thelathini za kuchagua upya. Mkitaka mnaweza kwenda Juu. Mkitaka mnaweza kubaki. Hata mlango si lazima muuhamishe sasa, mtapewa miezi."

Akaweka fomu mezani. Nafasi ni tupu: Juu, Chini, alama moja tu.

Nilihisi ile hali yangu inakuja, ya kukaa nikatazama vyote viwili. Nikamgeukia mke wangu, nikamwuliza mbele ya karani, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili ambako hakuna tena mtu:

"Mwalimu, wewe unataka upande gani?"

Nikaongeza, "Mimi naona tubaki. Nakwambia mapema, ujue. Lakini nakuuliza."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma sentensi ya mwanafunzi aliyekuwa hawezi kuandika. "Tukae hapa alipotuweka," akasema.

Karani akatutazama kwa zamu. "Basi hakuna cha kubadilisha," akasema.

Akachukua fomu yake bila alama, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Tulimsindikiza hadi barabarani.